Mhariri, Linux ina kufuli la mafaili, ni sisi hatujalifunga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, nikizidisha maneno kata tu, sitanuna. Juzi kwenye ukurasa wenu wa teknolojia mliandika kwamba ofisi zinazotumia Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kushea mafaili zimejianika, eti kitu cha bure hakiwezi kuwa na ulinzi, mkamalizia kwa kushauri watu wakanunue leseni. Mi ni fundi wa seva hapa Morogoro, mwaka wa kumi na moja huu nahangaika na hizi mashine, na niliposoma nilicheka kwanza halafu nikanyamaza, maana nusu ya mlichoandika sio kweli lakini nusu nyingine imenikuta mimi mwenyewe, tena mwaka jana tu.

Ngoja niwape hiyo iliyonikuta. Ofisi sitaitaja. Tuna seva moja ya Linux imekaa stoo, juu yake kuna maboksi ya risiti za zamani, na hiyo ndo inabeba mafaili yote ya ofisi, kompyuta kumi na nne zinachukua mafaili kutoka kwake kwa njia inayoitwa NFS. Kwa asiyejua, NFS ni kwamba folda iko kwenye seva ila kwako inaonekana kama iko ndani ya kompyuta yako mwenyewe, unafungua unaandika unasevu, hujui hata kama kitu kimepita kwenye waya. Imefanya kazi miaka bila shida yoyote. Sasa akaja kijana wa field kutoka chuo, mpole, haongei, wiki ya pili tu akaniambia kaka naomba nikuoneshe kitu ila usinikasirikie. Akachomeka laptopu yake kwenye swichi ya mtandao, akamaunti ile folda kuu, yaani akaiunganisha ionekane kwake, akaorodhesha yaliyomo akaona folda ya uhasibu mwenyewe wake ni namba 1003. Basi. Kwenye laptopu yake, ambayo yeye ndo bosi, akatengeneza mtumiaji mpya akampa namba 1003, akaingia kama huyo mtumiaji, akafungua folda ya uhasibu. Hakuna paswedi iliyoulizwa. Dakika tatu hazikuisha nikawa naangalia mshahara wangu na wa mkurugenzi kwenye skrini ya mtoto wa miaka ishirini na mbili, na kilichoniuma zaidi wala sio mshahara wa mkurugenzi.

Hapo hajavunja kitu jamani. Hiyo NFS ilivyozaliwa ndivyo ilivyo. Mashine inapiga hodi kwenye seva, seva inauliza nani, mashine inajibu ni mimi namba 1003, seva inasema karibu ndani. Imeishia hapo, haiulizi namba 1003 wa wapi, nani anakujua, una barua ya nani. Na kile kinachopita kwenye waya kinapita wazi kama barua isiyo na bahasha, jioni ile ile niliwasha tcpdump, programu ya kuchungulia kinachopita kwenye waya, pale kwenye seva nikafungua orodha ya mishahara iliyosevuwa kama csv, nikaona majina na namba za benki zinashuka kwenye skrini mstari kwa mstari, nikazima haraka kama vile kuna mtu nyuma yangu.

Msiwaone waliotengeneza kuwa ni wajinga. Ni Sun Microsystems ya Marekani, 1984, na enzi zile kompyuta zilizokuwa kwenye mtandao mmoja zilikuwa za taasisi, zinasimamiwa na mtu mmoja au wawili wanaojuana, mtumiaji wa kawaida hana mamlaka ya kujipa namba anayotaka. Kuiamini mashine ilikuwa sawa na kumwamini jirani. Tatizo ni kwamba jirani wa 1984 hakuwa na laptopu yake mwenyewe mfukoni, na sisi tumeendelea kuishi kwa desturi ile ile mpaka leo kila mtu anaingia ofisini na mashine ambayo yeye ndo mfalme wake.

Halafu hata dawa ilikuwepo zamani, hapa ndo nawapinga. Kwenye Linux unaweza kufunga NFS kwa Kerberos, mfumo wa kumthibitisha mtu kwa tiketi, na imekuwepo miaka na miaka, tena kwa ngazi tatu: krb5 inathibitisha wewe ni nani, krb5i inaongeza kuhakikisha hakuna aliyechezea njiani, krb5p inafunika kila kitu kisisomeke. Ni bure vile vile. Sasa mbona sikuitumia? Mhariri, jaribu siku moja kuiseti Kerberos kwenye ofisi ya watu kumi na tano halafu tuongee. Unahitaji seva nyingine ya kutoa tiketi, kila mashine iwe na ufunguo wake, majina kwenye DNS, kile kitabu cha majina na anwani za mashine, yakae sawa mbele na nyuma, na saa za mashine zote zisipishane zaidi ya dakika tano, hicho ndo kiwango chake usipokibadilisha. Dakika tano! Kompyuta zetu nusu zimekufa betri ya CMOS, ile ndogo inayotunza saa, umeme ukikatika ukirudi mashine inaamka inafikiri tuko 2009, tiketi inakataliwa, halafu mama wa masijala anakuja kunisimamia mlangoni mkono kiunoni. Nilijaribu 2019, nilikaa nayo wiki moja nikaing'oa.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini ofisi nyingi ziko uchi, jibu ni kwamba kufuli lilikuwepo ila lilikuwa la mlango wa benki, na sisi tuna kibanda.

Ndo maana hiki kilichofanyika miaka hii ya karibuni mi naona ni kikubwa na nashangaa hamkukigusa hata kwa mstari mmoja. Walichofanya ni kuchukua TLS, ile ile inayofunga tovuti za benki na ile alama ya kufuli kwenye brauza, wakaiingiza chini ya NFS, ndani ya keneli kabisa. Keneli, kwa msomaji wa kawaida, sio kanali wa jeshi, ni kile kiini cha mfumo, programu inayoongea na diski, memori na kadi ya mtandao, nyingine zote zinaomba kwake. Wa kwanza kuwapa watu hii kitu wala haikuwa Linux, ilikuwa FreeBSD, mfumo mwingine wa bure, toleo la 13.0 mwezi wa nne 2021, kazi ya Rick Macklem, mtu ambaye ameifanyia NFS kazi miaka mingi mno. Septemba 2022 ikatoka hati rasmi ya RFC 9289, walioiandika ni Trond Myklebust na Chuck Lever, ambao ni kati ya watunzaji wa NFS kwenye Linux, mmoja upande wa mashine inayoomba mwingine upande wa seva. Halafu Linux yenyewe, upande wa seva ukaingia kwenye keneli 6.4 Juni 2023, upande wa mashine zinazoomba ukaingia 6.5 mwezi wa nane mwaka huo huo. Sosi kodi, yaani maandishi yenyewe ya programu, iko wazi, mwenye macho asome, na hakuna anayekudai shilingi.

Ila utamu wenyewe uko kwenye walivyoiingiza, hapa naomba mnivumilie kidogo.

Mnazijua nyumba za pwani zenye baraza nje. Mgeni usiyemjua humwingizi ndani moja kwa moja, anakaa barazani, mnasalimiana, unamuuliza ametoka wapi, ametumwa na nani, akieleweka ndo anapita. Sasa keneli ni chumba cha ndani kabisa, anayeingia humo ana funguo zote, akikosea jambo humo hakuna wa kumzuia, na mwizi akipenya humo hahitaji tena kuvunja chochote kwa sababu ameshakuwa mwenye nyumba. Na TLS ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ile salamu, mashine mbili zinaoneshana vyeti, zinakagua nani amesaini, kimeisha muda au bado, zinakubaliana ufunguo, na hiyo kazi ya kusoma vyeti ina kona nyingi, huko ndiko makosa ya kijinga yanapojificha. Ya pili ni kufunika na kufunua data kwa ufunguo ambao tayari mmekubaliana, kazi ya kujirudia tu ila inatakiwa iwe ya haraka sana.

Wenzetu wakasema salamu ifanyike barazani. Keneli ikitaka kuongea na seva kwa usalama inaanza na kahodi kadogo, inatuma ombi tupu lenye alama kwamba mi nataka TLS, seva ikijibu nayo inaijua basi keneli inachukua ule mlango wa mawasiliano inaukabidhi kwa programu ndogo iliyo nje inaitwa tlshd, hiyo ndo inasoma vyeti na kusalimiana, ikimaliza inauweka ule ufunguo mahali pake na kuurudisha mlango kwa keneli, kuanzia hapo keneli inafunika na kufunua yenyewe bila kumsumbua mtu. Tlshd ikianguka imeanguka barazani, unaiwasha tena, nyumba imesimama. Hata pale kwenye swichi na rauta hugusi kitu, bandari, yaani namba ya mlango wa NFS kwenye mtandao, ni ile ile 2049. Na wamekataa TLS za zamani, ni 1.3 kwenda juu, mi hapo nilipiga makofi peke yangu stoo.

Sasa linganisha na upande wa pili. Kuna njia nyingine ya kushea mafaili, SMB, hiyo ndo lugha ya Windows, na kwenye Linux miaka yote tumeitumia kupitia Samba aliyoianzisha Andrew Tridgell kule Australia mwanzoni mwa miaka ya 90, na Samba inakaa nje ya keneli. Oktoba 2021 ikatoka keneli 5.15 ikiwa na kitu kipya, ksmbd, seva ya SMB iliyoko ndani ya keneli, kazi iliyoongozwa na Namjae Jeon wa Korea Kusini. Sababu zao zilikuwa na maana, spidi, vifaa vidogo kama rauta ambavyo memori yake ni ya kubania, na hata wao kazi ya kutunza watumiaji na paswedi waliiacha nje. Lakini kusoma maombi ya kila mgeni, na maombi ya SMB ni marefu na yana mambo ndani ya mambo, hiyo wakaiweka chumbani. Desemba 2022 likatangazwa tundu lililopewa alama 10 kati ya 10 za hatari, namba yake ya usajili CVE-2022-47939, mtu aliye mbali bila paswedi yoyote angeweza kuendesha amri zake ndani ya keneli. Kosa lenyewe ni dogo hata aibu, kile kipande cha memori kilishaachiwa halafu programu ikarudi kukitumia tena. Kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu, kilikuwa kimeshatoka Agosti, kabla ya tangazo, kwa hiyo aliyekuwa anaapdeti alilala salama bila hata kujua. Na mwaka 2025 likapatikana lingine la aina hiyo hiyo, safari hii kwenye amri ya kutoka, aliyeligundua alikuwa anatumia akili mnemba kuisoma ile kodi. Mpaka 2023, kwenye keneli 6.6, ndo wakaiondolea ksmbd ile lebo ya majaribio. Siwatukani, wamefanya kazi ya wanaume na matundu wanaziba haraka. Ila mi mgeni nisiyemjua namkalisha barazani.

Na kabla mtu hajasema si unaona, bure ni bure, mkumbuke Mei 2017. WannaCry, kile kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia, ilipita kwenye SMB ya Windows, ile ya zamani toleo la kwanza, leseni zimelipiwa, ikafunga mpaka kompyuta za hospitali za umma Uingereza wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Kiraka kilikuwa kimetoka mwezi Machi. Aliyelipa na asiyelipa wote walikuwa na kazi moja, kuapdeti. Hiyo leseni mliyotushauri ingemsaidia nini yule ambaye hakuapdeti miezi miwili?

Turudi ofisini kwangu. Baada ya kuaibishwa na yule kijana nikachukua wikiendi mbili. Seva ilikuwa na keneli ya zamani kwa hiyo kwanza nikaipandisha, na hapa muwaambie wasomaji wenu waangalie namba kabla ya kuhangaika, kwa sababu Linux inakuja kwa aina nyingi kama Debian na Ubuntu: Debian 12 ilikuja na keneli 6.1, hiyo bado, Debian 13 ina 6.12, Ubuntu 24.04 ilitoka na 6.8, hizo ziko sawa. Nikainstoli kifurushi cha ktls-utils ambacho ndo ina hiyo tlshd. Nikatengeneza vyeti mwenyewe, mamlaka yangu ndogo ya kusaini, ufunguo wake mkuu uko kwenye flashi iliyofungiwa kabatini, kila kompyuta ikapata cheti chake. Kwenye faili la exports, ile orodha ya folda ambazo seva inashea, nikaongeza xprtsec=mtls, maana yake hata kompyuta ioneshe cheti sio seva peke yake, na kwenye kompyuta neno hilo hilo wakati wa kumaunti. Hii ya kuandika kwenye pande zote mbili msiipuuze, ukiiacha upande wa kompyuta inaongea wazi, ukiiacha upande wa seva inapokea hata asiye na TLS, na mkaendelea kuongea wazi mkidhani mmefunga, ila ukishaiandika, mashine inagoma kabisa kuunganika bila TLS. Wikiendi ya kwanza yote ilinipotea kwa sababu jina nililoandika kwenye cheti cha seva na jina nililotumia kumaunti havikufanana, moja fupi moja refu. Siku mbili! Kwa neno moja.

Na betri za CMOS nilinunua, zote kumi na nne, dukani zile za duara kama shilingi, kwa sababu hata TLS ukiipeleka mashine inayofikiri ni 2009 itakwambia cheti hiki bado hakijazaliwa. Ila angalau hapa saa ikipishana robo saa hakuna anayejali. Spidi sikuona tofauti ya kulia, prosesa za miaka hii zina maelekezo ya AES, njia ya kufunika data, ndani yake, wahasibu hawakugundua kitu, na mtumiaji asipogundua kitu fundi ndo amefaulu.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, Mhariri, mrekebishe ile makala. Semeni Linux inakuja imefunguliwa, hilo kweli, mpaka leo ukimaunti kawaida bila kuongeza neno unaongea wazi vile vile na 1003 ni 1003. Semeni mafundi wake, mimi nikiwa wa kwanza, tumelala. Lakini msiseme haina kufuli, kwa sababu kuna mtu kesho ataenda kuchukua mkopo anunue leseni za mashine kumi wakati anachohitaji ni apdeti na wikiendi mbili na fundi asiyechanganya majina kwenye vyeti.

Jumatatu baada ya kumaliza nilimwita yule kijana nikamwambia haya, rudia. Akachomeka laptopu, akatengeneza namba 1003 yake, akamaunti, ikamkatalia. Akajaribu na neno la TLS, ikamkatalia tena kwa sababu hana cheti. Akajaribu kukaa katikati asome kinachopita, akaona takataka tupu. Nikajisikia vizuri kidogo, nikaagiza chai. Akakaa kimya akichezea kijiko halafu akaniuliza, kaka, hicho cheti ni cha kompyuta au cha mtu? Nikamwambia cha kompyuta. Akasema kwa hiyo kompyuta ya mhasibu ikishaonesha cheti chake, humo ndani namba inaaminika kama zamani? Nikamwambia ndiyo, hilo TLS hailigusi, ukitaka kumjua mtu na sio mashine unarudi kwenye Kerberos. Akageuka kuangalia dirishani kule uhasibu, saa saba na nusu, mhasibu ameenda kula, skrini inawaka, kiti kitupu. Nikaacha chai nikaenda kumfungia skrini.

Ni mimi msomaji wenu wa kila siku,
Fundi wa seva, Morogoro